Promotora, insulini na hofu ya upofu: kisukari katika mitaa ya Walatino wa Marekani

Promotora wa afya ni mkazi wa mtaa, mara nyingi mama wa makamo, anayepewa mafunzo ya afya kisha akarudi kufanya kazi kwa majirani zake. Hana koti jeupe wala mamlaka ya kuandika dawa. Alichonacho ni Kihispania cha nyumbani, heshima ya mtaani, na ruhusa ya kuingia jikoni akafunua sufuria. Katika jamii za Walatino wa Marekani, yaani watu wenye asili ya Mexico, Puerto Rico, Kuba, Jamhuri ya Dominika na nchi nyingine za Amerika ya Kati na Kusini, kazi hii ina umri wa miongo kadhaa. Ilikua sambamba na kliniki za vibarua wa mashambani, ambazo zilianza kupata fedha za serikali kuu baada ya Rais John F. Kennedy kutia saini sheria ya afya ya vibarua wanaohamahama mwaka 1962. Texas ilitunga sheria ya mafunzo na vyeti vyao mwaka 1999, na anayetaka cheti husoma kwa saa 160.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano. Kwa kipimo kimoja wanawapita Wamarekani weupe: mwaka 2019 mtoto wa Kilatino aliyezaliwa nchini humo alitarajiwa kuishi miaka 81.9, na mtoto mweupe miaka 78.8. Jambo hilo lilielezwa na Kyriakos Markides na Jeannine Coreil tangu 1986, na limewasumbua wataalamu kwa sababu Walatino kwa wastani wana kipato kidogo na bima chache zaidi. Sehemu ya jibu ni kwamba wanavuta sigara kidogo. Sehemu nyingine ni kwamba anayethubutu kuhamia nchi ya mbali kutafuta kazi huwa ni mwenye afya tangu mwanzo. Lakini kuishi miaka mingi ni jambo moja na kuishi bila maradhi ni jambo jingine, na ugonjwa unaolitenganisha hili na lile ni kisukari cha aina ya pili.

Utafiti mkubwa zaidi wa afya ya Walatino uliandikisha watu zaidi ya 16,000 katika Bronx, Chicago, Miami na San Diego kati ya 2008 na 2011. Matokeo yake kuhusu kisukari, yaliyochapishwa 2014, yalivunja kwanza dhana kwamba Walatino ni kundi moja. Wenye asili ya Amerika ya Kusini walikuwa na kisukari kwa asilimia 10.2, Wakuba asilimia 13.4, na wenye asili ya Mexico asilimia 18.3. Takwimu iliyofuata ndiyo inayostahili kusomwa mara mbili. Kati ya waliokutwa na kisukari, asilimia 58.7 tu walikuwa wanajua kwamba wanacho. Asilimia 48 walikuwa wamekidhibiti vya kutosha. Waliokuwa na bima ya afya walikuwa asilimia 52.4.

Swali la urithi huulizwa haraka, na linastahili jibu la haraka. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza vinasaba vya zaidi ya watu 8,000 wa Mexico na Walatino wengine walikuta aina ya jeni iitwayo SLC16A11 ambayo huongeza hatari ya kisukari kwa takriban asilimia 25 kwa kila nakala anayorithi mtu. Aina hiyo inapatikana kwa karibu nusu ya watu wenye asili ya wenyeji wa kale wa Amerika, na inaelekea iliingia kwa binadamu wa leo kutoka kwa Waneandathali, binadamu wa kale waliotoweka. Ni habari ya kusisimua, lakini haitoshi kueleza mambo. Wapima ni jamii ya wenyeji wa kale wa Amerika, na wale wa Arizona na wale wa milimani Mexico ni watu wa ukoo mmoja. Walipolinganishwa katika utafiti uliochapishwa 2006, wale wa Arizona walikuwa na kisukari kwa asilimia 38, na ndugu zao wa Mexico, wanaolima kwa mikono, asilimia 6.9. Jeni zilikuwa karibu zilezile, lakini ugonjwa ulizidi mara tano.

Kinachobaki ni maisha yenyewe: kazi, chakula cha bei nafuu, na njia ya kufika kwa daktari. Sheria ya bima ya mwaka 2010 iliwaacha nje wasio na vibali vya ukaazi. Sheria nyingine, ya 1996, inawataka wengi wenye kibali halali wasubiri miaka mitano kabla ya kuomba bima ya umma ya watu wa kipato cha chini, Medicaid. Texas, yenye Walatino wengi, imekataa kuipanua bima hiyo. Juu ya hayo kuna hofu. Kati ya 2018 na 2021 ilitangazwa, ikaanza kutumika, kisha ikafutwa kanuni iliyohesabu matumizi ya baadhi ya huduma za umma kuwa dosari kwa mwombaji wa ukaazi wa kudumu. Familia nyingi zilijiondoa hata kwenye huduma ambazo kanuni haikuzigusa, na hata kwa watoto waliozaliwa Marekani ambao haikuwahusu kabisa. Kuifuta kanuni ilikuwa kazi ya siku moja. Hofu haikuondoka kwa kasi hiyo.

Lugha ni kikwazo cha peke yake. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inazibana hospitali zinazopokea fedha za serikali zisimbague mgonjwa kwa asili yake, na kanuni za 2016 zilikataza kumtumia mtoto kama mkalimani isipokuwa kwa dharura. Bado mtoto wa miaka kumi hukutwa akimfasiria mama yake habari za kongosho, kiungo ambacho hajui jina lake katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Akikutana na neno gumu, analiruka. Mama naye ana swali ambalo hatalitoa mbele ya mwanawe.

Huduma ya kuwafikia watu mtaani imejengwa juu ya vikwazo hivi, na imejifunza kuwafuata watu pale ambapo wamekwisha kusimama. Mfano mzuri ni Dirisha la Afya, mpango ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika ofisi za ubalozi mdogo wa Mexico. Mtu amekuja kufuata pasipoti au kitambulisho. Foleni ni ndefu. Pembeni kuna meza yenye kipima shinikizo la damu na kipima sukari, na mtu wa kumweleza kwa Kihispania ni kliniki gani ya jirani inayotoza kulingana na kipato na haiulizi vibali. Ofisi ya ubalozi wa nchi yake ni mahali ambapo mhamiaji haogopi kutaja jina lake. Mpango huo sasa umeenea katika ofisi hizo nchini kote.

Je, kazi hii inaponya, au inafurahisha tu wafadhili? Jibu lenye uzito lilitoka Starr County, wilaya ya Texas iliyo kando ya Mto Rio Grande, ambako karibu wakazi wote wana asili ya Mexico. Sharon Brown na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 256 katika makundi mawili, wengine waanze mafunzo mara moja na wengine wasubiri. Mafunzo yalikuwa ya saa 52 kwa mwaka mzima, kwa Kihispania, yakitolewa na wauguzi, wataalamu wa lishe na wahudumu wa jamii wenye asili hiyohiyo. Kila mgonjwa alikuja na ndugu au rafiki. Mapishi yaliyofundishwa yalikuwa ya huko huko: tortilla, maharage, wali, ila mafuta ya nguruwe yakapunguzwa. Matokeo yalichapishwa 2002. Baada ya miezi sita, HbA1c ya waliofundishwa, yaani kipimo cha sukari ya damu ya muda mrefu, ilikuwa chini ya wenzao kwa pointi 1.4.

Uzito wa pointi hizo unaeleweka kwa kujua kipimo chenyewe kinapima nini, na kipimo hiki ni cha werevu wa ajabu. Sukari ya damu hupanda na kushuka kila saa, hivyo mgonjwa anayefunga siku mbili kabla ya kliniki anaweza kumdanganya daktari. Himoglobini, protini ya seli nyekundu za damu, haidanganyiki. Molekuli za glukosi hunata kwenye protini hiyo kama shira kwenye kaimati, bila kimeng'enya chochote kuzisukuma. Kwanza hushikamana kwa kiungo legelege kinachoweza kuachia, kisha hujipanga upya na kuwa kiungo cha kudumu. Sukari ikiwa nyingi, himoglobini iliyonatiwa huwa nyingi. Seli nyekundu ya damu huishi takriban siku 120, na tangu inatoka kwenye uboho hadi inakufa haiwezi kuifuta alama hiyo. Ukipima asilimia ya himoglobini iliyonatiwa, unasoma kumbukumbu ya sukari ya miezi miwili hadi mitatu, na wiki za karibuni zina uzito mkubwa zaidi. Aliyefunga siku mbili hajabadilisha chochote cha maana. Mwanasayansi wa Kiirani Samuel Rahbar ndiye aliyegundua mwishoni mwa miaka ya 1960 mjini Tehran kwamba wagonjwa wa kisukari wana himoglobini hii isiyo ya kawaida.

HbA1c ya asilimia 7 inalingana na wastani wa sukari wa karibu milimoli 8.6 kwa lita, na kila pointi moja inayoongezeka ni sawa na milimoli 1.6 zaidi. Uchambuzi wa utafiti mkubwa wa Uingereza wa kisukari cha aina ya pili, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kila pointi moja inayopungua inaambatana na upungufu wa asilimia 37 wa madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho, figo na neva. Pointi 1.4 za Starr County ni nyingi kuliko zinazotarajiwa kutoka kwa vidonge kadhaa vinavyouzwa kwa bei kubwa. Lakini isisahaulike kwamba hata baada ya mafunzo wastani wa wagonjwa hao ulibaki juu ya asilimia 10. Walianza mbali mno.

Sehemu kubwa ya kazi ya promotora haimo kwenye kitabu cha mafunzo. Ni kusikiliza imani ambayo mgonjwa hatamwambia daktari, na imani inayorudi mara nyingi kuliko zote ni kwamba insulini inapofusha. Watafiti wameirekodi tena na tena kwa wagonjwa wenye asili ya Mexico. Anayesoma makala haya Mombasa au Morogoro huenda ameisikia kwa shangazi yake. Daktari huijibu kwa sentensi moja, kwamba si kweli, na mgonjwa anaenda nyumbani na dawa yake, anaiweka kwenye friji na haigusi. Kasoro ya jibu hilo ni kwamba mgonjwa hakubuni. Ameona kitu kwa macho yake, na kitu hicho kina maelezo matatu.

La kwanza liko kwenye lenzi ya jicho. Glukosi huingia kwenye lenzi bila kuhitaji insulini. Sukari ikiwa juu kwa miezi, sehemu ya glukosi hiyo hugeuzwa na kimeng'enya kuwa sorbitoli, na sorbitoli haipati njia rahisi ya kutoka. Siku mgonjwa anapoanza sindano, sukari ya damu na ya majimaji yanayoizunguka lenzi hushuka haraka, lakini ndani ya lenzi bado kumejaa. Maji hufuata upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, kwa hiyo huingia kwenye lenzi, lenzi inavimba, na nguvu yake ya kupinda mwanga inabadilika. Mgonjwa anaamka wiki ya kwanza ya dawa na herufi za karibu zina ukungu. Kwa akili ya kawaida kabisa anahitimisha kwamba ni sindano. Baada ya wiki chache sorbitoli hupungua, maji hutoka, na macho hurudi. Ndiyo maana si busara kununua miwani mipya katika kipindi hicho, ingawa wauza miwani hawatalisema.

La pili ni zito zaidi. Kisukari cha muda mrefu huua seli zinazozishika kuta za mishipa midogo ya retina. Mishipa hututumka, huvuja, mingine huziba. Sehemu ya retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya, na inayoota huwa dhaifu, ikipasuka inamwaga damu ndani ya jicho. Sukari iliyokuwa juu sana kwa miaka ikishushwa ghafla, hali ya retina kwa baadhi ya wagonjwa huharibika kidogo kabla ya kutengemaa. Wanasayansi wangali wanabishania sababu yake. Jambo hilo lilionekana wazi katika utafiti wa Amerika ya Kaskazini uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Utafiti huohuo, uliotangaza matokeo 1993, ulionyesha kwamba udhibiti mkali ulipunguza hatari ya kupata ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Hasara ya mwanzo ni ndogo na ya wachache. Faida ya baadaye ni kubwa na ya wengi. Tahadhari ya maana ni moja: retina ichunguzwe kabla au mara sukari inapoanza kushushwa.

La tatu ni hesabu ya kalenda. Mgonjwa asiye na bima huanzishwa insulini baada ya miaka kumi au zaidi ya sukari isiyodhibitiwa, wakati macho yamekwisha kuliwa. Mwaka uleule anaoanza sindano ndio mwaka anaopofuka. Mtaa mzima unashuhudia mpangilio huo wa matukio. Promotora mwenye uwezo huanza hapo hapo. Anakubali kwamba mjomba alipofuka baada ya sindano, kisha anauliza mjomba alikaa na sukari miaka mingapi kabla yake.

Imani ya pili, kwamba kisukari huletwa na susto, yaani mshtuko mkubwa, inastahili upole. Mshtuko humwaga adrenalini na kotisoli, na homoni hizo hupandisha sukari kweli. Haziwezi kuleta kisukari cha aina ya pili kwa kishindo kimoja. Zinaweza kukifichua kilichokuwapo tayari, na mtu aliyepimwa kwa mara ya kwanza baada ya ajali au msiba ataapa kwamba msiba ndio ulioanzisha ugonjwa.

Upole huo hauwahusu wauzaji wa tiba za hatari na za uongo. Kwa watoto wenye maumivu ya tumbo yanayoitwa empacho, baadhi ya familia zimetumia unga wa rangi ya chungwa uitwao azarcón au wa manjano uitwao greta. Zote mbili ni oksidi za risasi, madini yaleyale yanayoharibu ubongo wa mtoto. Idara za afya za Marekani zimekuwa zikiripoti watoto waliopewa sumu hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa hakuna mjadala wa mila na usasa, na ni uhuni wa kibiashara kumwita mtu asiyetaka risasi tumboni mwa mtoto kuwa adui wa tiba asilia.

Kisukari kina soko lake la uhuni. Mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilizionya kampuni 15 zilizokuwa zikiuza bidhaa za kisukari kinyume cha sheria, na imewahi kukuta vidonge vinavyotangazwa kuwa vya mimea tupu vikiwa na dawa za hospitali zilizochanganywa kwa siri. Hiyo ndiyo siri ya ushuhuda wa mgonjwa ambaye sukari yake ilishuka kwa siku tatu. Dawa ilikuwemo, kwa kipimo kisichojulikana, na anayemeza pamoja na dawa zake halali anaweza kuzirai kwa sukari kushuka mno. Nopal, jani la mpungate lipendwalo Mexico, ni hadithi tofauti. Lina nyuzinyuzi nyingi na linaweza kupunguza kidogo kupanda kwa sukari baada ya mlo. Ni mboga nzuri. Likiwekwa kwenye chupa na kuandikwa kwamba linaponya kongosho, limekuwa utapeli, na wanaokumbuka foleni za kikombe cha dawa cha Loliondo, Tanzania, za 2011 hawahitaji kuelezwa jinsi utapeli huo unavyofanya watu waache dozi zao.

Nguvu ya mitandao ya mitaani kama ya promotora ilijulikana zaidi wakati wa Uviko-19. Mwishoni mwa Aprili 2020 wanaharakati wa Kilatino wa mtaa wa Mission, San Francisco, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, walipima takriban watu 4,000 kwa siku chache. Walatino walikuwa chini ya nusu ya waliopimwa, lakini walikuwa asilimia 95 ya walioambukizwa. Karibu wote walioambukizwa hawakuwa na kazi ya kufanyia nyumbani, na nusu hivi hawakuwa na dalili. Kumwambia mpishi wa mgahawa ajitenge bila kumpelekea chakula na fedha ya kodi ilikuwa kumwambia achague njaa, kwa hiyo mpango huo wa upimaji ukapeleka vyote. Nchini kote umri wa kuishi wa Walatino ulishuka kwa takriban miaka minne kati ya 2019 na 2021, anguko kubwa kuliko la Wamarekani weupe.

Ushauri kwa mgonjwa ni mfupi na hautofautiani na wa watu wengine. Kupima sukari kuanzia umri wa miaka 35, au mapema kwa mnene au mwenye ndugu wa damu mgonjwa. Kwa aliye karibu na kisukari, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, ambako katika jaribio la Marekani la 2002 kulipunguza hatari kwa asilimia 58, karibu mara mbili ya dawa ya metformini. Kuchunguzwa macho kila mwaka. Kutoacha insulini kwa ushauri wa asiyepima sukari.

Suala lililokawia kupata ufumbuzi ni malipo. Programu nyingi zimeendeshwa kwa ruzuku za miaka michache. Ruzuku ikiisha, promotora anatafuta kazi nyingine, na wagonjwa aliowazoesha wanabaki na namba ya simu isiyojibiwa. Sifa za kujitolea zimetumika kama kisingizio cha kutomlipa, mchezo ambao wahudumu wa afya ya jamii Afrika Mashariki wanaujua vizuri. Kenya ilisubiri hadi 2023 kuwapangia wahamasishaji wake wapatao 100,000 posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Marekani iliitambua kazi hii kama taaluma ya kujitegemea katika orodha rasmi ya kazi mwaka 2010. California ilianza kuilipia kupitia bima yake ya watu wa kipato cha chini Julai 2022, na bima ya wazee ya serikali kuu, Medicare, ikafuata Januari 2024 kwa kazi inayofanywa chini ya usimamizi wa daktari. Kwa mgonjwa asiye na bima yoyote, mlipaji bado ni ruzuku.